Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanawake kwenye mashamba ya mkonge, karafuu, kahawa na chai

Bibi yangu mzaa mama aliishi kambini, kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, zaidi ya nusu ya umri wake. Alipalilia, alianika singa (nyuzi za mkonge), alipika pombe, alilima mahindi pembezoni mwa shamba la kampuni. Ukimuuliza alikuwa akifanya kazi gani, alijibu: "Mimi? Sikufanya kazi. Nilikuwa namsaidia babu yako." Jibu hilo lilinikaa moyoni, na ndilo lililonisukuma kuzisoma habari hizi kwa miaka mingi. Maswali yaliyo hapa naulizwa na wanafunzi, na watu waliozaliwa kambini, na wajukuu wenzangu.

Manamba ni nani hasa? Wanawake nao walikuwa manamba?

Manamba ni mfanyakazi wa mkataba aliyeandikishwa mbali na kuletwa shambani. Jina limetokana na namba: kila aliyeandikishwa alipewa yake, na kwa karani na mnyapara hiyo ilitosha kuwa jina lake.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu, na mwaka 1893 ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakazuka mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe, Morogoro, Kilosa hadi Lindi. Wenyeji wa jirani walikuwa na mashamba yao ya chakula na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba ya mkonge, kwa hiyo watu wakatafutwa Unyamwezi na Usukuma, baadaye Uha, Ubena, Songea, na Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha watu, SILABU. Wazee wa Kigoma na Njombe bado wanalikumbuka jina hilo.

SILABU ilitaka wanaume, na namba walipewa wanaume. Ila baada ya Vita Kuu ya Pili ilisafirisha pia wake na watoto, kwa sababu manamba mwenye mke kambini hakutoroka upesi na mkataba ukiisha alikuwa mwepesi wa kuchukua mwingine. Basi mwanamke alishuka kwenye treni ileile na mumewe, akaingia kambi ileile, bila namba. Kwa daftari la kampuni hakuwa manamba. Kwa jasho lake alikuwa.

Kama hakuwa na namba, alilipwa vipi?

Mara nyingi hakulipwa kabisa. Ili uelewe, lazima ujue kipande kilivyokuwa. Huku Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi (Kenya neno hilohilo lilikuwa jambo jingine, cheti ambacho mwanamume alilazimika kutembea nacho, wengi wakikivaa shingoni). Mfanyakazi alipewa ngwe yake asubuhi: mistari kadhaa ya kupalilia, au idadi ya mafungu ya majani ya kukata. Akiimaliza ngwe, karani aliweka alama ya siku moja. Asipoimaliza, siku ile ilipotea, hata kama alitoka kambini alfajiri akarudi jua limezama.

Sasa fikiria mwanamume mgonjwa wa malaria, au aliyechomwa na mwiba wa jani jichoni. Nani alimalizia ngwe? Mke, na watoto nyuma yake. Alama iliwekwa kwenye kadi ya mume na mshahara ukatoka kwa jina la mume. Hapo ndipo neno "kusaidia" lilipopata mizizi. Lilifaa sana kwa mwenye shamba, maana msaada haulipwi.

Wapo walioandikwa kwa majina yao wenyewe kama vibarua: wapaliliaji, waanikaji wa singa kwenye nyaya nje ya korona (ndivyo tunavyoita kiwanda cha kukamulia mkonge), wasafishaji. Hizo ziliitwa kazi nyepesi na zililipwa chini ya za wanaume. Nani aliamua kwamba kuinama kutwa nzima ukipalilia, mtoto mgongoni, ni kazi nyepesi? Hakuwa mpaliliaji.

Mbona mshahara wa manamba ulikuwa mdogo hivyo, na bado watu waliishi?

Ningependa swali hili liulizwe shuleni kabla ya mengine yote. Mshahara ulipangwa kana kwamba mfanyakazi ni mseja. Ulihesabu posho yake, nguo yake na kodi yake. Haukuhesabu mke, mtoto wala mzazi mzee. Serikali na wenye mashamba walisema waziwazi kwamba familia ya Mwafrika inajilisha yenyewe kule kwao. Nani aliilisha? Ni mwanamke wa Njombe, wa Kibondo, wa Songea, aliyebaki na jembe na kazi za watu wawili. Mume alikuwa mbali mwaka mzima au miaka, na kuna waliokwenda moja kwa moja. Yeye alilima, akajenga upya paa lililooza, akauguza, akazika, akamlea atakayekuja kuwa manamba wa kesho. Mume aliporudi kifua kimekwisha, yeye ndiye aliyempokea.

Kwa hiyo kila tani ya singa iliyopakiwa bandarini Tanga ilikuwa na jasho la mwanamke ambaye pengine hakuwahi kuuona mkonge maishani mwake. Ukitaka kuhesabu kazi ya wanawake kwenye mashamba makubwa, usianzie shambani. Anzia kule walikotoka wanaume.

Enzi za Mjerumani, kabla ya SILABU, wanawake walilazimishwa pia?

Ndiyo. Mfano mchungu kuliko yote ni pamba ya kulazimishwa ya pwani ya kusini, Rufiji na Umatumbi, kuanzia mwaka 1902 hivi. Kila jumbe aliamriwa awe na shamba la pamba na watu wake walilime kwa zamu. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba kuna waliokataa kuyapokea. Wanaume walipokimbia, zamu ziliwaangukia wanawake, na mashamba yao ya chakula yakaachiwa nyani na nguruwe. Julai 1905, huko Nandete, watu waling'oa miche ya pamba, na ndio mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Tukisema Maji Maji ilianzia kwenye pamba, tukumbuke pia mikono iliyokuwa ikiilima.

Na Unguja na Pemba? Karafuu si ilikuwa kazi ya watumwa?

Ilikuwa, na wengi wa watumwa hao walikuwa wanawake. Visiwani habari ya kazi ya shamba haitengani na habari ya utumwa. Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa tarehe 6 Aprili 1897, chini ya shinikizo la Waingereza. Watu wengi huishia hapo. Lakini amri ile iliwaacha nje masuria: mwanamke aliyewekwa na bwana wake nyumbani hakuweza kwenda kudai uhuru kama wengine, isipokuwa kwa kuthibitisha ukatili. Alingoja hadi amri ya mwaka 1909. Miaka 12 zaidi, kwa sababu wenye sheria, Mwingereza na bwana shamba kwa pamoja, waliona hali yake ni jambo la ndoa na nyumba. Ni namna nyingine ya kusema "anasaidia".

Aliyepata uhuru naye hakupata ardhi. Asiye na makazi wala njia ya kujikimu aliweza kuhesabiwa mzururaji, kwa hiyo wengi walipatana na bwana yuleyule: siku kadhaa za kupalilia mikarafuu, na badala yake kibanda na kipande cha kulima muhogo.

Msimu wa karafuu wanawake walichuma, na wao hasa ndio waliochambua. Ukitoka juu ya mti una vishada, na vikarafuu vinatakiwa vitengwe na makonyo, yaani vikonyo vyake. Kazi hiyo ilifanywa jioni na usiku, watu wamekaa juu ya majamvi, vidole vyeusi, mtoto analala pembeni. Malipo yalikwenda kwa pishi. Asubuhi karafuu zinaanikwa, na mvua ikitishia ni kukimbia kuzianua, usiku au mchana.

Na neno "kibarua" asili yake ni barua ndogo. Mjini Unguja, wakati utumwa bado upo, mabwana waliwakodisha watumwa wao, wanawake kwa wanaume, kwa wafanyabiashara, na kila mtu alipewa kikaratasi cha siku yake ya kazi. Leo tunasema "naenda kibaruani" bila kukumbuka ilikotoka.

Kenya mwaka 1922 kulitokea nini, na kinahusianaje na mashamba?

Kinahusiana moja kwa moja. Mwaka 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wahimize watu kwenda kufanya kazi kwa masetla (walowezi wa Kizungu wenye mashamba), na pale shamba lilipokuwa karibu na makazi ya Waafrika, wanawake na watoto nao wahimizwe. Kiambu, ambako mashamba ya kahawa yalipakana na vijiji, "kuhimizwa" kulimaanisha askari wa chifu kufika nyumbani na kuwachukua wasichana wakachume buni. Kahawa ikiiva haingoji, na vidole vingi vinatakiwa kwa wiki chache. Malalamiko kwamba wasichana waliharibiwa huko yalifika kwa wamishonari na kwa wanasiasa.

Harry Thuku, kiongozi wa siasa wa Waafrika Nairobi, aliyachukua malalamiko hayo, pamoja na kipande, kodi na mishahara iliyopunguzwa. Wanawake walimwunga mkono sana. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi Nairobi. Viongozi wanaume walipotaka kuwatuliza watu warudi nyumbani, mwanamke mmoja katika umati, Mary Muthoni Nyanjiru, alisimama, akainua nguo yake mbele yao na kuwataka wampe suruali zao kama wameogopa. Kwa Wagikuyu hiyo ni laana nzito ya mama, haitolewi kwa mchezo. Umati ukasonga mbele, polisi wakapiga risasi. Yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Serikali ilitaja watu 21 waliouawa, wanne kati yao wanawake, na Waafrika waliokuwepo walisema ni wengi zaidi.

Sioni sababu ya kulisimulia tukio hili kama habari ya Thuku peke yake. Wanawake wale walikuwa na kesi yao wenyewe, na kesi hiyo ilitoka kwenye kahawa.

Skwota ni nani?

Ni Mwafrika aliyeruhusiwa kuishi na kulima kidogo kwenye shamba la setla, Bonde la Ufa hasa, kwa malipo ya kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na baadaye ziliongezwa. Mkataba ulikuwa na mwanamume. Msimu wa mavuno ulipofika, mke na watoto walitakiwa shambani pia, na asiyewatoa aliweza kufukuzwa na mbuzi wake. Mwanamke alifungwa na mkataba ambao hakuutia kidole.

Wakati wa Hali ya Hatari, yaani utawala wa dharura dhidi ya Mau Mau huko Kenya, baada ya Oktoba 1952, mzigo uliongezeka. Wanaume kwa maelfu waliwekwa kizuizini, hasa baada ya msako wa Nairobi wa Aprili 1954, na Wagikuyu zaidi ya milioni moja wakahamishiwa kwenye vijiji vya kulindwa. Wanawake wa vijiji hivyo walichimba mahandaki kwa amri, bila malipo.

Watoto walikaa wapi mama akiwa shambani?

Mgongoni, au chini ya mti na dada wa miaka saba. Akifikisha miaka kumi, mara nyingi mapema zaidi, naye aliingia kazini. Kwenye kahawa na chai watoto walikuwa sehemu ya hesabu ya mwajiri: vidole vidogo, malipo madogo. Ukikuta shangazi ambaye hakusoma na alizaliwa shambani, usiulize mara mbili.

Ni kweli wanawake wa kambini walikuwa malaya?

Swali hili huniuma, lakini huulizwa sana, kwa hiyo nitalijibu vizuri.

Kambi za mkonge zilikuwa na wanaume wengi na wanawake wachache. Wanawake waliofika peke yao, wajane, walioachika, waliokimbia ndoa za kulazimishwa, walikuta hakuna namba ya kuwaandika. Wakajitafutia: kupika pombe, kuuza ugali na maharage, kufua, kumtunza mwanamume kwa mkataba wa mdomo wa miezi kadhaa. Ndiyo, wengine walilala na wanaume kwa fedha. Wote walifanya kazi iliyoiwezesha kambi kuishi. Manamba aliyetoka shambani amechoka hadi hawezi kukoka moto alikula kwa sababu yao, na mwenye shamba alilijua hilo. Posho ya unga mkavu si chakula mpaka mtu aipike.

Ofisa wa serikali aliwaita wahuni. Mnyapara aliyewaita majina hayohayo mchana ndiye aliyedai apewe mwili usiku ili aandike ngwe imeisha. Lawama zikabaki kwa mwanamke. Bibi zetu wengi wamenyamaza juu ya miaka ile kwa kuogopa jina hilo, na sisi tumepoteza nusu ya historia yetu.

Waligoma?

Waligoma, ingawa mara nyingi bila chama. Wachuma kahawa wa Kiambu walikuwa na silaha yao: kubaki nyumbani buni ikiwa nyekundu mtini, hadi bei ya debe ipande. Huko Murang'a mwaka 1947 na 1948 wanawake walikataa kuchimba matuta ya lazima ya kuzuia mmomonyoko, na waliokamatwa walifuatwa na wenzao hadi kituoni. Mkonge nao ulikuwa na migomo mikubwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wa Mazinde wa mwaka 1958 ukijulikana zaidi. Mgomo ukidumu, kampuni hukata posho, na hapo vijishamba vya mahindi vya wanawake ndivyo vilivyolisha wagomaji. Viongozi wa chama walikuwa wanaume na majina yao yameandikwa. Ya waliopika hayakuandikwa.

Uhuru ulibadilisha nini?

Mengi, na sitaki kuyapunguza. Kazi ya kulazimishwa ilikwisha, kima cha chini cha mshahara kikawekwa. Mkonge wa Tanganyika ulifikia kilele mwaka 1964, takriban tani 230,000. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa.

Lakini kima cha chini kilikuja na hesabu nyingine. Mwajiri anayetakiwa kumlipa kila mtu vizuri hupunguza watu, na vibarua hutangulia kuondoka. Vibarua hao ndio wanawake. Kisha nyuzi za plastiki zikaua soko, na kufikia mwisho wa karne uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000 kwa mwaka. Wanaume walipunguzwa kazi na wakapewa barua na, pengine, kiinua mgongo. Mke aliyefanya ngwe kwa miaka 25 hakuwa na barua, kwa sababu hakuwahi kuajiriwa. Bibi yangu aliondoka kambini na sufuria zake na jembe.

Kenya mambo yalikwenda njia nyingine. Chai ya mkulima mdogo ilipanuka chini ya KTDA, shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo, lililoanzishwa mwaka 1964. Ni jambo zuri kwa kaya nyingi. Ila namba ya kupeleka majani kituoni iliandikwa kwa jina la mwenye ardhi, naye kwa kawaida ni mume. Mama anachuma mwaka mzima na kikapu mgongoni, bonasi inapotoka inaingia kwenye akaunti ya baba. Neno namba limerudi, na kwa mara nyingine si lake. Siku hizi wapo wanaume wanaogawa mashina kwa wake zao na kuwaandikisha, na nimewaheshimu sana niliowakuta.

Sheria ya sasa inasemaje, nami ni mchumaji?

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ukirudi kazini. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa miezi mitatu kwa mshahara kamili, inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono.

Tatizo liko kwenye neno kibarua. Tanzania, mwenye utumishi wa chini ya miezi sita kwa kawaida hana haki ya likizo hiyo, na kuna waajiri wanaomaliza mikataba ikitimiza miezi mitano. Kama umefanya kazi kwa mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, jumla ya muda wako inahesabiwa. Tunza kila karatasi, hata kile kikaratasi cha kilo.

Mambo ya mnyapara bado yapo?

Yapo. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake kwenye mashamba ya chai ya Kericho, ambamo zaidi ya wanawake 70 walisema wamenyanyaswa na wasimamizi wao. Wengi walisema kitu kilekile: ukikataa, hupati kazi, au unapewa sehemu ya shamba isiyo na majani. Ni ngwe ileile ya babu zetu. Mei mwaka huohuo waandamanaji walichoma mashine za kuchumia chai hukohuko Kericho. Usishangae kwamba mtu anaweza kuipigania kazi inayomtesa. Mashine ikija, anayeondoka kwanza ni mchumaji, na ada ya shule ya mtoto wake inaondoka naye.

Nataka kumuuliza bibi yangu. Nianzie wapi?

Usimwulize "Ulifanya kazi shambani?" Atakujibu hapana, na atakuwa anasema kweli kwa maana aliyofundishwa. Muulize aliamka saa ngapi. Muulize ngwe ya babu ilikuwa mistari mingapi, na siku babu akiumwa nani aliimaliza. Maji yalikuwa mbali kiasi gani? Debe la pombe aliuza shilingi ngapi, na fedha alificha wapi? Mtoto wa kwanza alizaliwa wapi, na alirudi shambani baada ya siku ngapi? Mwombe akuoneshe mikono.

Nenda na kitu cha mkononi, sukari au khanga, na usitoe simu ya kurekodi kabla hajakuzoea. Akinyamaza pale unapomtaja mnyapara, mwache anyamaze, chambueni mchicha, halafu rudi siku nyingine. Wangu alinieleza habari za korona siku ya nne, usiku, taa imezimwa.